Kalamu ya Yakini

Kalamu ilimkataa Nyanzala Kashindye kwa mara ya kumi na moja siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, mbele ya bosi wake, mbele ya fundi mwenzake Ombeni, na mbele ya paka wa karakana aliyekuwa amejilaza juu ya tairi la akiba. Paka peke yake ndiye aliyekuwa na adabu ya kuangalia pembeni.

Si kwamba alikuwa amekosea kitu. Ndege aliyopewa ilikuwa imebadilishiwa matairi tu, na Nyanzala alikuwa ameizunguka mara tano, akigusa kila nati kwa mkono kama mama anayehesabu vidole vya mtoto mchanga. Kisha akashika kalamu, akasoma kwa sauti maneno yaliyochapwa kwenye fomu, "Nimeikagua ndege hii na nina yakini kuwa ni salama," akasaini. Nibu ikakwaruza karatasi kavu kavu. Akajaribu tena, ikakwaruza tena, na kitaa kidogo kwenye shina la kalamu kikawaka chekundu.

Ombeni akaipokea ile kalamu kwa upole, kama mtu anayempokea mwenzake ndoo, akasoma maneno yale yale huku anatafuna karanga, akasaini. Wino ukatoka mzito, mweusi, wenye afya. Dakika ishirini baadaye ndege ikaruka, ikaenda Dodoma ikarudi bila hata kukohoa.

Kalamu hizo zilikuwa zimeletwa miaka tisa nyuma, baada ya fundi mmoja wa mbali kusaini ndege ambayo hakuigusa hata kwa kidole. Siku hiyo alikuwa kwenye sherehe ya kipaimara cha mpwa wake, na fomu aliisainia pale pale mezani, kando ya sinia la pilau. Ndege ile ilitua kwenye shamba la mihogo. Hakufa mtu, lakini miongoni mwa abiria alikuwamo mbunge, na mbunge aliyetoka shambani akiwa na udongo hadi masikioni hana tena subira na sheria za zamani. Ndipo Mamlaka inayosimamia usafiri wa ndege ikaagiza kalamu za yakini. Ndani yake mlikuwa na vihisio vitatu: kimoja kilisoma mapigo ya moyo kwenye ncha ya kidole, cha pili kilionja jasho, na cha tatu, kijicho kidogo kama mbegu ya mchicha, kilikaa juu ya shina kikitazama mboni ya msainiji. Fundi alisoma alichokusudia kusaini, na mwili wake ukikubaliana na mdomo wake, wino ulitoka. Ukikataa, kalamu ilikauka na kufuli la umeme la ndege likabaki limefungwa. Pasipo wino hapakuwa na rubani wala waziri wa kuiondoa ndege ile ardhini. Mafundi wa karakana ya Tabora waliiita Kadhi, maana ilikuwa haili rushwa na haicheki.

Tatizo la Nyanzala ni kwamba alikuwa mtu wa mashaka tangu tumboni. Mama yake alipenda kusimulia kwamba alichelewa kuzaliwa wiki mbili nzima, inaonekana alikuwa bado anakagua. Akinunua chumvi dukani huionja kabla ya kulipa. Akifunga mlango wa chumba chake hufika njia panda, akarudi, akautikisa. Chuoni aliongoza darasa miaka minne mfululizo, na kila matokeo yalipotoka alikwenda kuuliza kama hawakumchanganya na mtu mwingine.

Wala kazi hii hakuiingia kwa kusukumwa. Akiwa kidato cha pili, mwalimu wa fizikia aliwapeleka uwanja wa ndege, na huko Nyanzala alimwona mwanamke mmoja mwenye ovaroli akitokea chini ya bawa, amejaa grisi hadi kwenye nyusi. Rubani alikuwa juu, abiria wameshafunga mikanda. Yule mwanamke akasema, "Hapana," akarudi zake chini ya bawa. Ndege ikazimwa, watu wakashuka, rubani akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akasubiri. Nyanzala hakuwa amewahi kuona neno dogo namna ile likitiiwa na kitu kikubwa namna ile. Akaamua siku hiyo hiyo.

Sasa amesoma miaka mitano, amefanya mazoezi ya kazi miaka mitatu, na kilichobaki ni saini kumi zilizopokewa na kalamu ili apewe leseni. Alikuwa hana hata moja. Na kanuni ilisema bayana kwamba mwanafunzi wa ufundi akikataliwa mara kumi na mbili mfululizo, ahamishiwe stoo.

Bosi wake, Bi Saverina Ntandu, alimwita ofisini. Alikuwa mama wa miaka hamsini na minane, mwembamba, msema kidogo, aliyewahi kuitengeneza injini katikati ya mvua ya mawe akiwa amevaa sufuria kichwani. Yeye mwenyewe hakusaini tena ndege. Mkuu wa karakana kazi yake ilikuwa kusimamia wanaosaini. Alimweleza Nyanzala kwamba hana fundi mwenye mkono mzuri kumshinda, na kwamba hilo halitamsaidia kitu. Jumamosi kungekuwa na ndege ya kukodi ya kwenda Kigoma. Hiyo ndiyo itakuwa ya kumi na mbili.

"Nikikataliwa, mama?" Nyanzala aliuliza.

"Stoo kuna feni nzuri," Bi Saverina akasema, na hakuonekana kutania.

*

Siku mbili hizo kila mtu alikuwa na dawa. Mpishi wa kantini alimshauri anywe mchaichai bila sukari. Mlinzi wa geti alimwambia ahesabu kurudi nyuma kutoka mia, naye akahesabu, akafika sitini na tatu akawa hana hakika kama sitini na nne aliipita. Mchungaji wa mtaani kwao alimwombea kwa muda mrefu, kisha akamuuliza kwa sauti ya chini kama ndege za kwenda Mbeya ni za kuaminika, maana alikuwa na safari.

Alimpigia mama yake, aliyekuwa akifuga nyuki Sikonge, akamwambia kwamba huenda hatakuwa mhandisi. Mama yake alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mimi miaka thelathini sijawahi kufungua mzinga nikiwa na hakika," alisema. "Nafungua nikiwa na moshi."

Nyanzala akamwambia kwamba kalamu haijali moshi. Mama yake akajibu kuwa basi hiyo kalamu haijawahi kuumwa na nyuki, akakata simu kwa sababu kulikuwa na mteja.

Dawa iliyomkaa kichwani ilitoka kwa Ombeni. Ombeni hakuwa mtu mbaya, hilo lazima lisemwe. Alikuwa kijana wa Kipare, mcheshi, mwepesi wa kumsaidia mtu, mwenye saini sitini na saba zilizopokewa bila kasoro hata moja. Kalamu ilimpenda kama bibi anavyompenda mjukuu wa kwanza. Alhamisi, wakati wa chakula cha mchana, alimtolea Nyanzala kidonge cheupe kilichofungwa kwenye karatasi ya sigara. Shemeji yake alikuwa mlenga shabaha wa timu ya taifa, na walenga shabaha, alieleza, walikuwa wakivimeza vile zamani kabla havijapigwa marufuku kwao, ili moyo upige polepole na mkono usitikisike. Kanuni za Mamlaka hazikusema lolote kuhusu vidonge. Ombeni alikuwa amezisoma.

Nyanzala alimuuliza kama naye huvimeza. Ombeni akashangaa kweli kweli.

"Vya nini? Mimi nakagua mara moja, nasaini. Ukikagua mara ya pili unaanza kuona vitu."

"Vitu gani, kaka Ombeni?"

"Vitu ambavyo hukuviona mara ya kwanza."

Nyanzala alitaka kumwambia kwamba hiyo hasa ndiyo maana ya kukagua mara ya pili. Lakini mwenzake alikuwa amemzawadia kitu kwa moyo mweupe, na tena alikuwa na saini sitini na saba. Akakifunga tena kile kidonge akakitia mfuko wa kifuani. Njiani kurudi karakanani wazo moja lilimng'ang'ania kama kupe: kalamu ilikuwa haipimi kama ndege ni nzima. Ilipima kama fundi amelala usingizi mzuri juu ya jambo hilo. Na njia fupi kuliko zote ya kupata usingizi mzuri ni kutoangalia sana.

*

Jumamosi saa mbili asubuhi harusi iliingia uwanjani. Bibi harusi aliitwa Kalunde, mwalimu wa hesabu, mrefu, mtulivu, ameshavaa gauni kwa sababu ndoa ilikuwa saa kumi jioni Kigoma na hapangekuwa na muda wa kubadili. Nyuma yake walikuja watu kumi na sita, na keki ya ghorofa nne iliyokuwa na kiti chake na mkanda wake. Mbele ya wote alitembea mwenyekiti wa kamati ya harusi, Mzee Msabaha, aliyeshika ratiba iliyogawanywa kwa dakika tano tano. Kuruka kulikuwa saa nne na dakika kumi. Ratiba ilionyesha hata dakika za kufurahi baada ya kutua.

Ndege yao ilikuwa Mbayuwayu ya viti kumi na tisa, yenye mota mbili za umeme, kila mota ikizungusha pangaboi lake kupitia giaboksi lenye ukubwa wa chungu cha kupikia makande. Ilikuwa na akili yake ya kujipima. Ukiiwasha asubuhi ilipitia sehemu zake mia nne na kumi na mbili, kisha ikatangaza kwa sauti ya mzee mtangazaji, "Nimejikagua, sina maumivu, karibuni." Asubuhi hiyo pia ilisema haina maumivu. Ombeni alikuwa ameisaini jana yake ikitokea Mpanda, na hakuona lolote.

Nyanzala alianza kazi. Akaangalia betri, magurudumu, breki, mabawa. Halafu akashika pangaboi la kushoto akalizungusha kwa mkono, taratibu, amefumba macho. Akaenda la kulia akafanya vile vile. Akarudi la kushoto.

La kushoto lilikuwa zito. Uzito wenyewe ulikuwa mdogo tu, tofauti kama ya maji na uji mwepesi. La kulia lilizunguka kama limepakwa mafuta ya nazi. La kushoto lilikuwa na kitu kama uvivu. Akatia kipimo cha mtikisiko, kikasema hakuna kitu. Akatia kipimo cha joto, kikasema hakuna kitu. Akaiuliza ndege yenyewe, ikarudia kwamba haina maumivu, safari hii kwa sauti aliyodhani ina kinyongo kidogo.

Ilipofika saa nne kasorobo Mzee Msabaha alikuwa amesimama kwenye mstari wa njano ambao abiria hawaruhusiwi kuuvuka, ncha za viatu zikiwa zimeshauvuka. Ombeni akaja akazungusha mapangaboi yote mawili, mara moja moja, akasema yako sawa. Akamkonyeza Nyanzala na kugusa mfuko wake mwenyewe wa kifuani, kumkumbusha.

Nyanzala alikwenda nyuma ya pipa la mafuta machafu, akakitoa kidonge. Kilikuwa kidogo kuliko punje ya mahindi. Akikimeza, baada ya robo saa moyo wake utatulia, kalamu itamwaga wino, harusi itaondoka, naye atakuwa na saini yake ya kwanza. Na ule uvivu wa pangaboi la kushoto utabaki pale pale ulipo, isipokuwa hakutakuwa na mtu duniani anayeujali. Jambo hilo lilimwingia kwa ubaridi. Asipokimeza, kalamu itakauka, ataenda stoo kwenye feni, na Ombeni atasaini huku anatafuna karanga. Ndege itaruka ile ile kwa vyovyote vile. Tofauti pekee ingekuwa yeye.

Kidonge kikatumbukia kwenye pipa. Hakujua kwa hakika kama alikitupa au kilimponyoka; mpaka leo ukimuuliza husema anadhani alikitupa.

Akarudi mezani. Bi Saverina alikuwa ameketi upande wa pili, mikono juu ya magoti. Nyanzala akashika kalamu, akaitazama ile sentensi iliyochapwa, akaona hawezi kuisoma hata kwa kujaribu. Macho yake yakateremka chini yake, penye mistari mitatu mitupu chini ya maneno Maelezo ya Fundi. Tangu aanze kazi hakuwahi kuona mtu akiandika kitu pale. Akachukua penseli, akaandika polepole kwa herufi za shule, kisha akasoma kwa sauti.

"Pangaboi la kushoto la ndege hii ni zito kuliko la kulia, sijui kwa nini, na sina hakika kama ni salama."

Akasaini.

Wino ulimwagika. Ulitoka mwingi kupita hata wa Ombeni, ukalowesha jina lake lote hadi kwenye mkia wa herufi ya mwisho, na kitaa cha kijani ambacho hakuwahi kukiona mkononi mwake kikawaka na kubaki kikiwaka. Moyo wake ulikuwa umetulia tuli. Hakuna kitu duniani alichokuwa na yakini nacho kama kwamba hana hakika.

Ombeni alisogea akatazama fomu, akatazama kalamu, akaitikisa. Mzee Msabaha aliuliza kutoka kwenye mstari wa njano kama sasa wanaweza kupanda. Bi Saverina alivaa miwani, akafungua kabati, akatoa kitabu cha kanuni, akasoma kwa kidole. Kanuni ilisema kwamba jambo lolote lililosainiwa kwa wino wa yakini lifuatiliwe kabla ndege haijaondoka. Haikusema jambo zuri au baya. Waliotunga hawakuwa wamefikiria kwamba mtu anaweza kuwa na yakini ya mashaka.

"Fungueni la kushoto," akasema.

*

Iliwachukua saa mbili. Mzee Msabaha alifuta ratiba ya kwanza, akaandika ya pili, akaifuta. Mashangazi walivua viatu. Keki ilihamishiwa stoo, kwenye ile feni. Nyanzala na Ombeni walilishusha giaboksi la kushoto, wakalifungua juu ya meza, wakatoa beringi moja moja, wakazisafisha na kuzitazama kwa lenzi. Zilikuwa nzima. Grisi ilikuwa mpya, ya rangi ya asali, imejaa kama inavyotakiwa. Huko nyuma walikuwa hawajawahi kuona giaboksi zuri namna ile.

Ombeni hakumcheka. Alisema tu, kwa huruma iliyouma kuliko kicheko, kwamba ndiyo maana yeye hukagua mara moja. Nyanzala alihisi masikio yanawaka. Alikuwa amewazuia watu kumi na wanane, amemvunjia mwalimu wa hesabu siku yake, kwa sababu ya grisi nzuri. Akakaa kwenye ngazi na kuanza kufikiri stoo watampa meza ipi.

Halafu akasimama.

"Kama hili ni zima," alisema, "na hivi ndivyo zima linavyokuwa zito, lile la kulia mbona jepesi?"

Ombeni aliacha kutafuna. Wakaenda la kulia, na safari hii hawakuhitaji hata lenzi. Grisi ilikuwa imekauka ikawa unga wa kahawia unaopeperuka. Kikapu kinachoshika gololi za beringi kubwa kilikuwa kimepasuka mahali pawili, na gololi zilikuwa zinaelea ovyo, ndiyo maana lilizunguka kwa raha vile, kama jino linalotaka kung'oka. Bi Saverina alichukua kipande akakigeuza mwangani. Lingeweza kufika Kigoma, alisema. Lingeweza pia kuganda juu ya misitu ya Uvinza. Akakiweka chini.

Ombeni alikuwa amesaini ndege ile jana. Alilijua hilo bila kuambiwa. Alikaa juu ya kreti, akatazama mikono yake, akauliza kwa sauti ndogo kama saini zake zile nyingine sitini na saba nazo zilikuwa hivi. Hakuna aliyejua. Kisha akainuka, akaandika ripoti dhidi yake mwenyewe bila kutumwa, akakwenda stoo kuleta beringi mpya.

Waliyafunga magiaboksi yote mawili pamoja. Kila nati aliyoikaza Ombeni alimwomba Nyanzala aishike, na aliyoikaza Nyanzala aliishika Ombeni. Saa tisa na robo kazi ilikuwa imekwisha, na Mbayuwayu ikatangaza kwamba imejikagua na haina maumivu. Hakuna aliyeisikiliza.

Ikabaki kusaini fomu mpya.

Ombeni akashika kalamu kwa mazoea, akasoma sentensi ya kwanza, akalipita neno yakini mbio mbio, akasaini. Nibu ikakwaruza kavu. Akarudia. Taa nyekundu. Alikuwa hajawahi kuiona ikimwakia yeye. Aliitazama kama mtu aliyefungiwa mlango na mama yake mzazi. Akamsogelea Nyanzala, akamnong'oneza kama kile kidonge bado anacho. Nyanzala akamwonyesha pipa.

Kwa hiyo wote wakamgeukia yeye, na Nyanzala, kwa haraka ya mtu aliyegundua mlango wa nyuma, akachukua penseli na kuanza kuandika kwenye mistari mitupu mambo yote aliyokuwa na mashaka nayo. Betri ya pili ilikuwa na umri. Bawa la kulia lilikuwa na mkwaruzo. Alikuwa ameshafika mstari wa tatu na anatafuta karatasi ya nyongeza Bi Saverina alipoweka kiganja chake juu ya fomu.

"Asubuhi ulifanya kazi ya uhandisi," alisema. "Hii sasa ni kujificha. Kuzuia ndege hata jiwe linaweza, ukiliweka kwenye njia ya kurukia. Wewe nimekufundisha ujue lini iende."

"Sijui kama nina yakini, mama."

"Sijakuuliza hilo. Je, kuna kitu ulichokiona, au ulichokishika, kinachosema isiende?"

Nyanzala aliweka penseli chini. Alirudi kwenye ndege. Kalunde alikuwa ameketi kwenye kivuli cha bawa, gauni limekunjwa magotini, anasahihisha madaftari ya wanafunzi aliyokuwa ameyabeba sijui kwa nini siku ya harusi yake. Aliinua kichwa akauliza kama sasa ni salama.

Nyanzala alimwambia ukweli. Kwamba magiaboksi yote mawili ameyafungua na kuyafunga kwa mikono yake. Kwamba hajaona kitu kibaya kilichobaki. Kwamba pamoja na hayo moyo wake unadunda, kama unavyodunda kila siku.

Kalunde alifikiri, kama mtu anayepitia hesabu kutafuta palipokosewa. "Na mimi ndivyo ninavyoolewa," akasema. "Nimechunguza miaka mitatu, sijaona kitu kibaya, na usiku wa jana sikulala. Tunapanda au hatupandi?"

Nyanzala akaizunguka ndege mara moja, mara moja tu, akizungusha kila pangaboi. Yote mawili yalikuwa mazito, mavivu, sawasawa. Akarudi mezani, akafuta maandishi ya penseli, akashika kalamu. Akasoma sentensi yote hadi mwisho, akasaini.

Kalamu ilikaa kimya kwa muda ambao Mzee Msabaha baadaye aliuita dakika kumi na Bi Saverina akauita pumzi mbili. Kisha wino ukatoka. Haukuwa mzito. Ulikuwa mstari mwembamba, wa kijivu, unaokatika hapa na kuungana pale, lakini ulifika mwisho wa jina, na kufuli la Mbayuwayu likalia kwa mbali, tak, likafunguka.

*

Ndege iliruka saa kumi kasoro dakika tano. Ombeni alikwenda kunawa, akarudi, akaomba aonyeshwe jinsi ya kusikiliza beringi kwa mkono. Bi Saverina alikaa ofisini akiandikia Mamlaka barua ndefu kuhusu mistari mitatu mitupu, na mahali fulani katikati yake aliingiza, bila maelezo mengi, kwamba mfululizo wa mwanafunzi wake umevunjika na kwamba anazo saini mbili.

Nyanzala hakwenda nyumbani. Alipanda mnara wa kuongozea ndege, akasimama nyuma ya kiti cha mwendesha redio, akimpumulia shingoni. Mtu yule alimwambia mara mbili kwamba kiti kipo. Saa kumi na dakika hamsini redio ikakwaruza na sauti ya rubani ikaingia kutoka Kigoma: wametua, abiria wote wameshuka, keki ghorofa zote nne ziko wima. Ila ndoa haijaanza, kwani bwana harusi mwenyewe hajafika. Gari lake limezimika njiani, na inasemekana fundi wake wa magari alikuwa amemhakikishia asubuhi kwamba halina tatizo lolote.

Mwendesha redio alicheka hadi akavua visikizio. Alipomaliza alimtazama Nyanzala, akamwambia kwamba sasa basi anaweza kwenda kupumzika.

Nyanzala alishusha pumzi ambayo alikuwa ameishikilia tangu saa kumi. Akafika mlangoni, akashika kitasa, akasimama.

"Samahani, kaka," alisema. "Hebu muulize tena kama wametua."